Sijui ya Bibi

Kila nikipita soko la Kasulu msimu wa kupanda, pua yangu hunitangulia. Kuna upande ambako akina mama huuza mbegu za maharage, wamezimwaga juu ya viroba, na nyingine bado zina majivu ziliyohifadhiwa nayo. Harufu ya majivu ya kuni iliyochanganyika na maharage makavu si harufu ambayo mtu angeiita nzuri. Inakereketa kooni. Wenzangu hupiga chafya wakasonga mbele kutafuta nyanya. Mimi husimama pale kama mteja, nikaulizwa nataka kiasi gani, nikaishia kununua nisichokihitaji. Nitamwambiaje muuzaji kwamba amenirudisha chumbani kwa Bibi yangu, wakati nilipokuwa mpweke kuliko nilivyopata kuwa tena maishani?

Nyinyi nitawaambia, kwa kuwa hamniuzii kitu.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mgongo wa kilima, upande wa Munanila, mahali ambapo asubuhi ukungu hukaa mabondeni mpaka jua likasirike. Tulikuwa watatu: Bibi, mama yangu, na mimi. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, na nilimjua kwa koti lake la mvua, ambalo Bibi alilivaa kwenda shambani. Bibi ndiye aliyemzaa baba, Mha wa Waha. Mama alikuwa mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, aliyekulia kambini huko Kibondo, kisha akaolewa na baba akaja kilimani kwetu. Nyumbani tulizungumza Kiha, mama akitia Kirundi chake, na Kiswahili tulikitoa pale tulipotaka kuonekana watu wa maana.

Wazazi wa mama walikuwa wamekwisha kurudi kwao ng'ambo ya mpaka. Kiangazi kimoja, nilipokuwa nimeanza tu shule, habari zikaja kwamba mama yake ni mgonjwa. Mama akajifunga kanga mbili, akatia unga wa muhogo na chumvi kikapuni, akaniambia atarudi kabla ya mvua za kupanda. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alimpakia kwenye baiskeli hadi Manyovu, na kutoka hapo akavuka. Nilisimama kwenye migomba nikampungia mkono hadi kona ikawameza. Bibi hakupunga. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na aliendelea kuchambua.

Mvua za kupanda zilikuja. Mama hakuja.

Mtoto asiye na la kufanya ila kungoja husikiliza maneno ya watu wazima kwa namna ambayo wao hawaijui. Nilimwuliza kila mtu swali lile lile, mama atarudi? Nikayasikiliza majibu yao kwa makini kuliko nilivyomsikiliza mwalimu wangu wa hesabu. Yeye mwalimu alinijibu, "Bila shaka atarudi," akiwa anaandika ubaoni, wala hakugeuka. Nikaelewa kwamba "bila shaka" ni neno la kumwambia mtoto akae chini. Mzee wa kanisa aliniwekea mkono kichwani akasema, "Tunaamini atarudi." Jibu hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana nilijiuliza kwa nini jambo hili linahitaji watu wengi hivyo kuliamini. Mtu mmoja hatoshi?

Aliyenifurahisha alikuwa Baba mdogo. Yeye alibeba ndizi na kahawa za watu kwa baiskeli, akipanda na kushuka kati yetu na Manyovu, na alikuwa mtu wa hakika. "Nina hakika kabisa," ndivyo zilivyoanza habari zake zote. Alikuwa na hakika kwamba mvua haitanyesha, akarudi nyumbani akichuruzika. Alikuwa na hakika breki za baiskeli yake ni nzima, mpaka siku alipoingia na ndizi zake zote katikati ya mihogo ya mwalimu. Watu walimcheka na kumpenda. Nami nikimwuliza habari za mama, alipiga kengele ya baiskeli na kusema, "Mama yako? Atarudi. Nina hakika kabisa. Wiki ijayo usishangae." Nikapanda kilima nikirukaruka.

Bibi ndiye aliyenivunja moyo. Nilimwuliza akipepeta, nikamwuliza akichota maji, nikamwuliza akinisugua matope miguuni. Jibu lake lilikuwa moja.

"Sijui, mwana wanje."

Mwana wanje ni mwanangu, kwa Kiha. Hakuongeza kitu, wala hakuhema wala kutazama mbinguni kama watu wanavyofanya wakitaka uone kwamba wanahuzunika pamoja nawe. Alisema "sijui" kwa sauti ile ile ambayo angemjibu mtu aliyeuliza mbuzi wa jirani kapita wapi. Nilimkasirikia sana. Tangu mama aondoke nililala na Bibi kitanda kimoja, nami niligeukia ukuta. Nilidhani hampendi mama kwa kuwa ni wa ng'ambo. Nilidhani hata mimi hanipendi, maana nusu yangu ni ya huko.

Nilikuwa na mchezo wangu ambao sikumfundisha mtu. Nilikaa kwenye migomba karibu na njia, peke yangu, nikisema kwa sauti: nadhani atarudi, natumaini atarudi, naamini atarudi, nina hakika atarudi. Kila neno nililisikiliza tumboni. "Nadhani" lilinitia baridi. "Natumaini" lilikuwa na utamu, ila ndani yake mlikuwa na huzuni, kama mtu anayetabasamu huku jino linamuuma. "Naamini" lilikuwa neno la Jumapili. "Nina hakika" pekee ndilo lililonishibisha, lakini shibe yake haikufika jioni, ikanibidi nishuke barabarani kumvizia Baba mdogo anipe jingine. Watoto wenzangu walipita na mpira wao wa matambara, wakaniona nikisema na migomba, wakaniacha. Sikuwalaumu. Mimi pia ningejiacha.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kosa nililolifanya. Kwetu, kila mwanamke mwenye nyumba alikuwa na mbegu zake. Mama alipoolewa, Bibi alimpa kibuyu na kipande cha shamba, na tangu siku hiyo maharage ya mama yalichaguliwa na mama, yakatiwa majivu na mama, yakapandwa na mama. Mkono wa mwingine haukuyagusa, hata mwaka wa njaa. Kibuyu cha mwanamke hufunguliwa na mtu mwingine siku moja tu: mwenyewe akishafariki na matanga yakaisha, wanawake wa ukoo hugawana mbegu zake wakazipande, ili asipotee kabisa. Nililiona hilo kwa jirani yetu. Nilimwona binti yake akipokea konzi ya maharage huku kamasi zinamtoka, na nilijua maana yake.

Basi alasiri moja Bibi aliniita chumbani. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na udongo ulikuwa umelainika. Nilipoinama mlangoni harufu ya majivu ilinipokea. Bibi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na kati ya miguu yake kilikuwapo kibuyu cha mama, gunzi lililokiziba limetolewa.

"Kachukue jembe dogo," akasema.

Sikuchukua jembe. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika Buhigwe, nikateremka kilima mbio, nikianguka na kuinuka. Mama amekufa. Bibi anajua, ndiyo maana hakunipa neno lolote zuri siku zote zile. Amejua, na sasa anagawa mbegu.

Chini njiapanda kulikuwa na duka la Mama Zuhura, na mbele ya duka Baba mdogo alikuwa ameipindua baiskeli anaziba pancha. Nilimshika shati.

"Baba mdogo, mama amekufa?"

Alinitazama, kisha akalitazama tairi. "Hajafa! Nina hakika kabisa."

"Umemwona?"

Ajabu ni kwamba sikuwahi kumwuliza hivyo. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akaifuta tena.

"Sijamwona."

"Nani kamwona?"

"We mtoto, si nimekwambia nina hakika!" Akaipindua baiskeli, tairi halijajaa vizuri, akapanda na kuondoka ikimnesanesa. Niliona mabega yake kwa nyuma. Yalikuwa yameshuka, na nikajua kwamba alikuwa analia.

Mama Zuhura alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Alikuwa mtu wa Tanga aliyemfuata mumewe huku kwetu, na mumewe alipofariki akabaki na duka. Mama Zuhura na Baba mdogo walikuwa mbingu na ardhi: yeye hakuwa na hakika na lolote. Ukimwuliza kama sukari ipo, alijibu, "Hebu tutazame," ilhali gunia liko mgongoni pake. Aliniingiza ndani, akanipa andazi la jana.

"Mwanangu, ami yako hakuchezei," akasema. "Akikuona huumia, basi hukupa alichonacho mdomoni. Lakini hakika ni ya mtu aliyeona. Na yule hajaona."

"Bibi ameona?"

"Bibi yako atoke wapi aone, na yeye hata Manyovu haendi? Yeye hukwambia nini?"

"Sijui."

"Haya basi," akasema Mama Zuhura, kana kwamba nimejijibu mwenyewe. Kisha, kwa kuwa biashara ni biashara, akaniuliza kama Bibi atashusha mayai kesho.

Nilipanda kilima polepole. Nilimkuta Bibi palepale, miguu ameinyoosha vilevile, kibuyu hajakigusa. Hakunigombeza. Hakuuliza nilikuwa wapi, maana kila mtu kilimani alijua nilikokuwa, kwa kelele zile.

"Mama amekufa?" nikamwuliza kutoka mlangoni.

"Sijui."

"Basi mbona umefungua?"

Akaichota mbegu moja, akaipuliza majivu, akanionyesha. "Mbegu hailali misimu mingi, mwana wanje. Inafia humu humu, unafungua unakuta vumbi. Mimi siwezi kumpandia. Mkono wangu si wake. Wako umetoka kwake. Panda wewe, tuvune, turudishe humu. Akirudi azikute."

"Na asiporudi?"

Bibi aliirudisha mbegu kibuyuni. "Tutakuwa tumepanda maharage."

Nikachukua jembe. Nilipanda kipande chote cha mama kwa mkono wangu, jioni ile na iliyofuata, mbegu mbili mbili kila shimo. Bibi alisimama mpakani na koti la baba, akinionyesha kwa fimbo pale nilipopindisha mstari, na hakutia mguu ndani. Yalipokomaa niliyang'oa mwenyewe, nikayapiga kwa kijiti, nikayatia majivu, Bibi akiniambia kiasi. Katika maisha yangu ya utoto hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kutumwa mara mbili.

Lakini msidhani upweke uliisha. Uliongezeka. Baba mdogo alianza kupita njia ya chini, ile inayozunguka bondeni, ambayo ni ndefu na ina matope. Alisema ni nzuri kwa matairi. Neno lake lilikuwa limemwishia, na hakuweza kupita mbele yangu akiwa mikono mitupu. Mwalimu alihamishwa. Kanisani jina la mama liliendelea kutajwa kwenye maombi kwa muda, baadaye likachanganywa na "wote walio safarini", baadaye hata hilo likakoma. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kiswahili cha Bibi hakikufika huko. Kila msimu kibuyu kilifunguliwa, nikapanda, nikavuna, kikafungwa. Hatukuzungumza sana, mimi naye. Jioni tulikaa pande mbili za moto tukila, tukisikiliza mvua, na nikimwuliza alinijibu vilevile, mpaka nikaacha kuuliza.

Nilikuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi mama aliporudi.

Alikuja mchana wa soko, kwa pikipiki kutoka Manyovu, na sikumtambua kwa mwendo. Alikuwa amenenepa. Mgongoni alikuwa na mtoto. Aliangukia shingo yangu akalia, nami nilisimama wima kama nguzo, nikinusa sabuni nisiyoijua. Kisha akamsogelea Bibi, akapiga magoti. Akaeleza kwamba mama yake alifariki, na wajomba wakamwoza huko. Mwanzoni njia ilikuwa mbaya, na njia ilipokuwa nzuri, aibu ikawa kubwa. Kila mwaka aliona ni vigumu zaidi kutuma neno kuliko mwaka uliopita. Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Ego," ile ndiyo ya kwetu, alikuwa anasema, "ego," kama mtu anayehesabu mishono. Halafu akapika.

Baada ya kula aliingia chumbani akatoka na kibuyu, akakiweka mapajani mwa mama.

"Zako hizi. Kazipanda mwanao."

Mama alikishika. Akakisogeza sikioni, akakitikisa.

Alikuwa amekuja kunichukua. Mume wake alikuwa amekubali, shule ilikuwepo, nilikuwa na ndugu wawili ambao sikuwajua. Nisiwafiche: nilifurahi. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu utoto wangu wote, na sasa alikuwa ananishika mkono. Nilifunga vitu vyangu haraka hata nikasahau viatu, Bibi akaviona chini ya kitanda, akavipangusa kwa kanga yake akaniletea.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa bado. Pikipiki ilinguruma uani, mama na mtoto wamekwisha kupanda. Nilimtazama Bibi amesimama mlangoni na koti la marehemu mwanawe, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyuma yake ndani ya nyumba hapakuwa na mtu. Nikaingiwa na hofu. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Nitarudi, Bibi. Nina hakika kabisa."

Nilisikia sauti ya Baba mdogo ikitoka kinywani mwangu. Nikangoja. Nilijua atakachosema, nilikuwa nimekisikia maelfu ya mara, na nilijua kwamba akikisema, sitaweza kupanda pikipiki ile.

Bibi alininyoosha kola ya shati.

"Najua," akasema.

Nilirudi, lakini nikiwa mtu mzima, na nilikuta kaburi lake limeota nyasi. Mpaka ulikuwa umekwisha kufungwa na kufunguliwa, nilikuwa nimesoma, nimeolewa. Mtu ana sababu nyingi akiwa hai. Siku hizi ninaishi Kasulu, na nina umri wa kutosha kuona yale ambayo mtoto aliyegeukia ukuta hakuyaona. Kwamba mama, mjane kijana aliyekwenda kwao, angeozwa huko, na angerudi kwa sababu moja tu, kunichukua. Kwamba Bibi alilijua hilo tangu siku ile alipokuwa akichambua maharage bila kupunga mkono. Hakusema "natumaini", kwa kuwa moyo wake haukutumaini wote, na hakuwa mtu wa kusema nusu ya ukweli. Hakusema "hatarudi", kwa kuwa hakuwa na ushahidi, na hakutaka kuniondolea mama yangu. Lililobaki ni "sijui". Na huku akisema hivyo, kila msimu alisimama mpakani kwenye mvua akihakikisha ninapanda vizuri mbegu za mtu ambaye akifika, yeye atabaki peke yake. Mimi nilikuwa na Baba mdogo wa kunipa hakika barabarani. Yeye hakuwa na mtu wa kumpa hata "huenda".

Na ile "najua". Nimeigeuza sana kichwani. Katika miaka yote niliyoishi naye, hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema jambo asilolijua. Alilisema bila kusita, kwa sauti ile ile ya siku zote, na mimi nikamwamini kabisa. Nilipanda pikipiki mbele ya mama yangu, nikateremka kilima nikiimba, naye akabaki.